Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Vidokezo vya Samani za Maktaba za Mahogani

Samani za maktaba zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1800 na 1830 zimeshuka bei sana tangu karne hii ianze. Watu wa mjini wanaishi kwenye fleti, wengi wanapenda mbao nyeupe na vyuma, na kabati la vitabu la mahogani linalokaribia dari limekosa wa kuligombania. Meza ya kuandikia isiyo na jina kubwa, iliyodumu miaka 200, mara nyingine hupigwa mnada kwa bei isiyofikia ya meza mpya dukani. Kwa anayependa vitabu na kazi safi ya seremala, huu ni wakati mzuri.

Uwe unaishi Leicester na unapitia minada mwisho wa wiki, au uko Nairobi au Muscat na unaifuatilia kwa simu, au unataka tu kuingia makumbusho ukijua unachokitazama, vidokezo hivi ni vyako. Vyote vina shina moja: fundi alipamba upande wa mbele, lakini habari za kweli za samani ziko nyuma, chini, na ndani ya droo. Huko ndiko pa kuanzia.

1. Kijue chumba kabla ya samani

Mwanzoni mwa karne ya 19 maktaba ya nyumba kubwa ya Kiingereza ilikuwa inabadilika. Awali kilikuwa chumba cha bwana mwenye nyumba, mahali pa hesabu, barua na faragha. Kufikia 1816, mbunifu wa bustani Humphry Repton alipochapisha picha mbili za kulinganisha ukumbi wa kizamani na sebule ya kisasa, hiyo ya kisasa ilikuwa ni maktaba: vitabu ukutani, na familia na wageni wametawanyika humo, kila mmoja na shughuli yake. Ndiyo maana samani za kipindi hiki zina magurudumu madogo ya shaba miguuni. Zilitakiwa zisogee, zifuate mwanga wa dirisha mchana na joto la moto jioni.

Vitabu vyenyewe vilikuwa ghali. Riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, ilitoka 1813 kwa juzuu tatu, bei shilingi 18, na kwa kawaida mnunuzi alipewa vitabu vyenye majalada ya muda, kisha akavipeleka mwenyewe kwa mjalidi vivalishwe ngozi. Aliyejaza ukuta mzima alikuwa ameweka mali nyingi pale, na kabati la kuitunza halikuweza kuwa la ovyo.

Ukitaka mfano mmoja wa kuushika akilini, chukua nyumba ya Stourhead, katika Wiltshire. Mwenye nyumba hiyo, Sir Richard Colt Hoare, alimwagizia samani za maktaba Thomas Chippendale Mdogo, mtoto wa yule Chippendale ambaye jina lake linajulikana dunia nzima, na samani hizo zilitengenezwa mwaka 1804 na 1805. Meza kubwa ina vichwa vya Wamisri na vya wanafalsafa vilivyochongwa juu ya miguu yake. Misri ilikuwa imeingia kwenye fasheni baada ya Napoleon kuivamia mwaka 1798 na baada ya msanii Vivant Denon kuchapisha kitabu chake cha michoro ya nchi hiyo mwaka 1802. Wala meza ile haikuwa pambo la kuonyesha wageni. Hoare alikuwa mwanahistoria wa bidii, na miaka michache baadaye alianza kuchapisha kazi yake kubwa juu ya Wiltshire ya kale, iliyotoka kati ya 1812 na 1821.

2. Jifunze sura kabla ya majina

Majina ya Kiingereza ya samani hizi ni mengi na wauzaji huyatumia wapendavyo. Sura hazidanganyi hivyo.

Meza ya maktaba yenyewe ni kubwa, juu imefunikwa ngozi yenye mstari wa dhahabu pembeni, na ilikaa katikati ya chumba. Kwa hiyo pande zake zote nne zimemalizwa. Ukikuta meza inayoitwa ya maktaba ambayo mgongo wake ni mbao tupu, hiyo ilitengenezwa iegemee ukuta.

Meza ya duara husimama juu ya mguu mmoja mnene unaogawanyika chini mara tatu au nne, na juu yake huzunguka. Ukingo wake una droo pande zote, na mara nyingi baadhi ni za uongo, zimewekwa kwa ajili ya ulinganifu. Zile za kweli zina umbo la kabari, kwa sababu zinaelekea katikati ya duara. Nyingine zimewekewa herufi za alfabeti, karani apate kupanga karatasi za wapangaji kwa majina yao.

Kabati kubwa la vitabu huwa na sehemu ya katikati iliyojitokeza mbele kidogo kuliko mabawa yake mawili. Kando ya hilo kuna makabati mafupi, ya kimo cha kiuno, yaliyopendwa sana kuanzia 1800, maana juu yake palibaki nafasi ya kutundika picha na kuweka sanamu. Milango yake mara nyingi si ya kioo. Ni kimia cha shaba na nyuma yake hariri iliyokunjwa marinda.

Kiti ninachokipenda kuliko vyote ni kile kinachogeuka ngazi. Unafungua vishikizo, unapindua mgongo mbele, na kiti cha kukalia kinakuwa ngazi ya vidato vinne ya kufikia rafu ya juu. Duka la Morgan & Sanders, mtaa wa Catherine, London, lilikuwa maarufu kwa viti hivyo, na jarida la Rudolph Ackermann, The Repository of Arts, lilichapisha picha yake Julai 1811. Ukikipata cha kweli, kifungue na ukifunge mara kadhaa. Bawaba zikae bila kuyumba, na mikwaruzo ya miaka iwepo pale hasa mbao zinapokutana.

Kiti cha kujisomea kilichofumwa kwa henzerani mgongoni na ubavuni, chenye mto wa ngozi, utakitambua upesi. Angalia tu kama henzerani ni mpya. Kufumwa upya si kosa, lakini bei iseme hivyo.

3. Beba tochi, uiname

Hiki ndicho kidokezo cha thamani kubwa kuliko vyote, na hakigharimu kitu. Ingia mvunguni. Mbao za chini ambazo hazikuonwa na mtu hazikupakwa rangi wala vanishi. Baada ya miaka 200 zinakuwa kavu, za kijivu au kahawia iliyofifia, na kufifia huko hakulingani, maana hewa na mikono havikugusa kila mahali sawasawa. Ukikuta mvungu wote umepakwa rangi moja nyeusi, jiulize ni nini kinachofichwa. Mara nyingi ni ubao mpya.

Laza mwanga wa tochi uambae juu ya mbao, usizimulike moja kwa moja. Alama za msumeno na randa zitajitokeza. Mistari iliyonyooka ya msumeno wa mkono ni dalili njema. Mistari ya nusu duara kwenye mbao za nyuma imeachwa na msumeno wa mviringo, na mara nyingi huashiria kazi ya baadaye au ukarabati. Usihukumu kwa hilo peke yake, kwani misumeno ya mviringo ya kupasua vinia, yaani mbao nyembamba za kubandika juu, ilikuwapo mapema: Marc Isambard Brunel alipewa hati miliki ya mtambo wa aina hiyo mwaka 1806.

Chunguza skrubu pia. Hadi katikati ya karne ya 19 skrubu ilikuwa butu nchani, na mfuo wa kichwa chake, uliokatwa kwa mkono, mara nyingi haukupita katikati kabisa. Skrubu yenye ncha kali kwenye bawaba ya mwaka 1810 imewekwa baadaye. Moja ni matengenezo. Zote zikiwa hivyo, una sababu ya kuendelea kupekua.

4. Vuta droo hadi itoke yote

Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Ukishaitoa, tazama pale ubao wa mbele unapokutana na wa ubavuni. Zinashikana kwa meno yaliyotanuka mwishoni, yakafumbatana yasiachie. Fundi aliyekata kwa mkono aliacha meno membamba, machache, yasiyolingana kabisa, na ukitazama vizuri utaona mstari mwembamba aliouchora kwa ncha ya chuma ajue pa kuishia. Meno yenye upana mmoja na nafasi moja yametoka mashineni.

Ndani ya droo, samani bora zilitumia mwaloni mwembamba. Zile za kawaida zilitumia msonobari. Geuza droo utazame chini yake: katika kipindi hiki nyuzi za ubao wa chini kwa kawaida hukimbia kutoka ubavu hadi ubavu. Kingo zinazoburuzika nazo ziwe zimelika. Haiwezekani droo ivutwe kwa karne mbili ibaki na kingo kali.

Kisha tazama ndani, nyuma ya vishikio. Matundu yaliyozibwa yanaonyesha kuwa vishikio vya sasa si vya kwanza. Kipindi hiki kilipenda kichwa cha simba chenye pete mdomoni, na baadaye vifundo vya mbao, na watu wengi wamebadilisha kwa kufuata fasheni. Hasara yake ni ndogo. Nisingeiacha meza nzuri kwa sababu ya vishikio.

5. Soma kitasa

Vitasa vingi vya Kiingereza vina chapa ya taji na herufi. GR ni ya wafalme wa jina George, WR ni William wa Nne, 1830 hadi 1837, na VR ni Malkia Victoria, kuanzia 1837. Kitasa cha VR kwenye meza inayodaiwa ni ya 1810 kinadai maelezo: je, kimebadilishwa, au meza yenyewe ni ya baadaye? Tazama kama kuna alama za kitasa kingine cha zamani chini yake.

Ukikuta jina BRAMAH, furahi. Joseph Bramah alipata hati miliki ya kitasa chake mwaka 1784, na duka lake la Piccadilly liliweka kimoja dirishani likiahidi gini 200 kwa atakayekifungua bila ufunguo wake. Kilikaa hapo zaidi ya nusu karne. Mwaka 1851 Mmarekani A. C. Hobbs alifaulu, na ilimchukua saa 51 za kazi zilizotawanyika ndani ya siku 16. Kitasa cha aina hiyo kiligharimu fedha nyingi, hivyo kukiona kwenye meza ni dalili kuwa mwenye kuiagiza hakubana matumizi.

6. Pima duara

Mbao hunywea kwa upana wake na karibu hazinywei kwa urefu wa nyuzi. Chukua futi kamba, pima meza ya duara kwa kufuata nyuzi, kisha pima kwa kuzikata. Meza ya zamani iliyojengwa kwa ubao mzima itakupa vipimo viwili vinavyotofautiana kwa milimita kadhaa. Duara kamili kabisa ni la kutilia shaka.

7. Jihadhari na kabati lililokuwa la nguo

Makabati makubwa ya vitabu yalikuwa yakitafutwa sana katika karne ya 20, na makabati makubwa ya nguo hayakuwa na mteja. Mafundi wasio na haya wakaunganisha mambo mawili hayo. Waliondoa mbao za katikati za milango ya kabati la nguo, wakatia kioo, wakaweka rafu, na bei ikapanda.

Kina cha kabati ndicho cha kwanza cha kukufumbua macho. Nguo zilihitaji nafasi, hivyo kabati lake lina kina cha sentimita 50 au zaidi. Kitabu cha kawaida hakihitaji hivyo. Sehemu ya juu ya kabati la vitabu la kweli mara nyingi huwa kati ya sentimita 30 na 40. Ukifungua mlango ukaona vitabu vimepotea gizani na mbele yake pamebaki nafasi ya kuweka safu nyingine nzima, uliza maswali. Tazama pia rafu zinavyoshikiliwa. Katika makabati bora ya kipindi hicho ubavuni kuna mifuo mingi iliyochongwa, rafu ikiingizwa ndani yake kwa kimo unachotaka. Mifuo hiyo iwe na uchafu na ulaji wa miaka.

Halafu kioo. Katika mlango wa kweli kila kipande cha kioo kimekaa peke yake kati ya vijiti vyembamba vya mahogani, kimeshikwa na lakiri ya dirisha iliyokauka ikawa ngumu kama jiwe. Gusa kwa kucha. Kioo cha zamani kina mawimbi. Sogeza kichwa taratibu na taswira ya taa itacheza. Mlango wenye kioo kimoja kikubwa na vijiti vilivyobandikwa juu yake umetengenezwa majuzi.

Kuna udanganyifu mwingine ulio karibu na huu: sehemu ya juu na ya chini zisizozaliwa pamoja. Kabati la kuandikia kutoka nyumba moja limewekewa juu kabati la vitabu kutoka nyumba nyingine. Zungukia nyuma. Mbao za nyuma za sehemu zote mbili zifanane kwa aina, kwa upana na kwa namna zilivyopigwa misumari. Angalia pia pale sehemu ya juu inapokalia ya chini: ikiwa ubao uliofunikwa muda wote umewekewa vinia nzuri, hiyo ina maana kuwa zamani ulionekana, na kilichoko juu yake leo ni mgeni.

8. Zijue mbao, na waliozikata

Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao kutoka makoloni yake ya Marekani, na mahogani ikaanza kumiminika. Ya Jamaica na ya Kuba, mti ambao wataalamu huuita Swietenia mahagoni, ni nzito, imeshikamana, rangi yake ni nyekundu iliyoiva. Ya Honduras, Swietenia macrophylla, ni nyepesi zaidi na hutoa mbao pana. Mafundi wa mwanzoni mwa karne ya 19 mara nyingi walitumia ya Honduras au msonobari kwa mwili wa samani, kisha wakabandika juu vinia ya mahogani yenye michirizi kama miali ya moto, inayotoka pale tawi linapoachana na shina. Vinia ya wakati huo ni nene kuliko ya leo. Itafute kwenye ukingo uliopasuka kidogo, nyuma ya mlango au kwenye pembe ya droo.

Sipendi maelezo ya samani hizi yanayoishia kwenye uzuri wa michirizi. Waliokata miti ile walikuwa Waafrika waliotumikishwa utumwani, na watoto wao. Katika misitu ya Belize, iliyokuwa makazi ya wakata miti wa Kiingereza, kila kundi lilikuwa na mtu wa kutafuta miti, aliyepanda juu ya mti mrefu akakagua msitu mzima kwa macho kuona mahogani iko wapi. Shina la mahogani hutanuka sana chini, kwa hiyo walijenga jukwaa la miti lililopanda mita kadhaa juu ya ardhi na kulikatia hapo. Magogo yalikokotwa na ng'ombe usiku, kwa mwanga wa mienge, kwa sababu joto la mchana liliwashinda wanyama. Mvua kubwa zilipoanza, karibu na Juni, mito ilifurika na kuyabeba hadi pwani. Utumwa ulifutwa rasmi katika makoloni ya Uingereza tarehe 1 Agosti 1834, na kazi ya kulazimishwa chini ya jina la uanagenzi ikaendelea hadi 1838. Leo bendera ya Belize ina wakata miti wawili na mti wa mahogani. Meza yoyote ya 1810 unayoinama kuichunguza imepita mikononi mwa watu hao kabla ya kumfikia seremala wa London, na muuzaji anayekusimulia habari za mabwana walioandikia juu yake tu amekupa nusu ya historia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo jingine. Mkangazi wetu, Khaya anthotheca, huuzwa duniani kwa jina la mahogani ya Afrika, na ni jamaa wa karibu wa ile ya Karibi. Ila mahogani ya Afrika ilianza kuingia Ulaya kwa wingi mwishoni mwa karne ya 19. Meza iliyojengwa kwa Khaya haiwezi kuwa ya mwaka 1810, hata ikiwa nzuri namna gani.

9. Tafuta jina, lakini usilisujudie

Mafundi wengi hawakuandika majina yao. Kampuni ya Gillows ya Lancaster ndiyo iliyo rahisi kuitambua, kwa kuwa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 ilipiga chapa GILLOWS LANCASTER kwenye baadhi ya kazi zake, aghalabu kwenye ukingo wa juu wa droo. Pitisha kidole pale, kisha tochi. Wakati mwingine utakuta pia jina la fundi mwenyewe limeandikwa kwa penseli ndani. Vitabu vya michoro na gharama vya kampuni hiyo vimehifadhiwa Westminster, London, na watafiti wameweza kuoanisha meza nyingi na mchoro wake na mteja wake.

Chapa hupandisha bei. Hata hivyo, meza isiyo na jina ambayo droo zake zinateleza na mbao zake hazikukarabatiwa hovyo ni bora kuliko ya Gillows iliyopunguzwa urefu.

10. Linganisha na vitabu vya michoro

Mafundi wa wakati ule walifanya kazi kwa kufuata vitabu vya michoro, na vingi sasa vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti bure. Anza na The Cabinet Dictionary ya Thomas Sheraton ya 1803, kisha kitabu cha Thomas Hope cha 1807, halafu cha George Smith cha 1808 chenye picha 158. Kaa navyo jioni chache. Jicho lako litazoea uwiano wa miguu, kingo na nakshi, na samani za kuiga za miaka ya 1920 zitaanza kuonekana nyembamba au zilizopambwa kupita kiasi.

11. Soma katalogi kwa makini

Regency ni jina la kipindi ambacho George, mwana wa mfalme, alitawala kwa niaba ya baba yake mgonjwa, 1811 hadi 1820, ingawa wauzaji huliweka kwa kazi za kuanzia karibu 1795 hadi 1830 na kitu. Katalogi ikisema "meza ya Regency", inadai ni ya wakati huo. Ikisema "ya mtindo wa Regency", ni ya kuiga, na huna pa kulalamikia. Omba ripoti ya hali ya samani kwa maandishi. Kumbuka pia kuwa juu ya bei utakayopigiwa mnada kuna ada ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huzidi asilimia 20, kisha kodi ya VAT juu ya ada hiyo, kisha usafiri. Piga hesabu yote kabla hujainua mkono.

12. Chunguza pembe za ndovu

Kipande kidogo cheupe kinachozunguka tundu la ufunguo, au herufi nyeupe kwenye meza ya duara, vinaweza kuwa pembe ya ndovu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018, iliyoanza kutekelezwa tarehe 6 Juni 2022, inakataza biashara ya pembe isipokuwa kwa ruhusa chache. Samani ya kabla ya 1947 ambayo pembe ni chini ya asilimia 10 ya ujazo wake inaweza kuuzwa, lakini lazima isajiliwe kwanza. Kuivusha mpaka ni jambo jingine, linalohitaji vibali vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Ikiwa unakusudia kuipeleka Mombasa au Dar es Salaam, uliza mapema, au nunua isiyo na pembe. Katika miongo ile ile ya mwanzo wa karne ya 19 pembe za bara letu zilikuwa zikipitia Zanzibar kwenda Bombay, na nyingine zikaendelea hadi London.

13. Usikubali isuguliwe

Rangi ya juu ya samani ya zamani imejengwa na nta, jua, mikono na vumbi kwa vizazi vingi. Msasa huiondoa asubuhi moja, na hakuna fundi awezaye kuirudisha. Mbao iliyofifia kidogo upande wa dirisha iache ilivyo. Ng'arisho la shelaki lililotiwa kwa kitambaa lilienea Uingereza karibu na 1820, na baadaye samani nyingi za zamani zilisuguliwa zikatiwa hilo zing'ae kama kioo. Zile zilizoponyoka ndizo za kutafuta. Nta ya nyuki mara moja au mbili kwa mwaka, kidogo tu, kwa kitambaa laini, inatosha. Dawa za kupuliza zenye silikoni zisiingie chumbani.

14. Ikifika kwako

Gundi ya wakati ule ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Inapenda hali ya kawaida, isiyo kavu wala yenye unyevu mwingi. Joto la pwani likichanganyika na unyevu huilegeza, na vinia ikaanza kuinuka. Kiyoyozi kinachopuliza moja kwa moja hukausha mbao zikapasuka. Weka kabati mbali na vyote viwili na mbali na jua, liache sentimita chache kutoka ukutani hewa ipite, na kagua miguu yake kila baada ya muda mfupi, kwa sababu mchwa hawajui tofauti ya samani ya Lancaster na boriti. Matundu madogo ya wadudu kwenye mbao za msonobari za nyuma ni jambo la kawaida. Ukiona unga mweupe mpya chini yake, wadudu bado wapo kazini, ita mtaalamu.

Uzuri wa gundi hiyo ni kwamba hufunguka. Fundi anayejua kazi yake anaweza kuachanisha kiungo kwa joto na maji, akakisafisha na kukirudisha bila kuumiza mbao. Mkatalie anayekuja na gundi za kisasa za kukauka milele.

Unapoihamisha meza, inua kwa kushika mwili wake, kamwe si ubao wa juu, na droo zitoke kwanza. Kabati lenye sehemu mbili litenganishwe. Vitabu vizito viende rafu ya chini, vya kati vifuate, na vile vidogo vipande juu. Usivibane: kitabu kitoke kwa vidole viwili bila kuvutwa kwa nguvu mgongoni, na nyuma yake pabaki upana wa kidole hewa izunguke.